Asubuhi niliyofundishwa sailensi ya gari langu

Mwaka 2016 nilihamishiwa Njombe nikitokea Dar, nikapanda na Corolla 100 yangu, injini 5A, cc 1500, gari ambalo Dar lilikuwa halina neno kabisa, unawasha, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda kidogo afu muda si mrefu unashuka kwenye 700 hivi linatulia, na huo mzunguko wa injini bila kukanyaga ekseleta ndo mafundi wanauita sailensi. Sasa Njombe ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mi nilifika mwezi wa sita, baridi lenyewe lile la kutoka moshi mdomoni. Siku ya kwanza nawasha saa kumi na mbili asubuhi mshale ukaruka mpaka 1,600 na ukakaa hapohapo, linaunguruma uani na jirani ana mtoto mchanga, roho iliniuma sana aisee.

Nikapeleka gereji, kijana akachukua bisibisi akalegeza skrubu ya sailensi, asubuhi ikawa 1,000, nikashukuru nikalipa. Mchana wake nipo mjini foleni kidogo, injini imeshapata moto, nakanyaga breki kwenye makutano gari likazima. Nawasha, natembea, nasimama, linazima tena. Wiki nzima hivyo, mpaka nikawa naogopa kusimama.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa fundi mmoja mtu mzima. Nikamwamkia, nikamweleza, hata boneti hakufungua. Akasema, "Mwalimu, leo limeshachemka, halitanambia kitu. Kesho usiliwashe, nitakuja mwenyewe alfajiri."

Na kweli akaja, kavaa koti zito. Kwanza akarudisha ile skrubu, akasema sailensi ya asubuhi hairekebishwi hapo, ukiishusha likiwa la baridi unakuwa umeiua ya likiwa la moto. Akaniambia washa, usiguse ekseleta. 1,600. "Hapo lipo sawa," akasema, na mi nikashangaa, maana ndo kitu nilichokuwa napigana nacho. Akanieleza taratibu kwamba petroli kwenye injini ya baridi haigeuki mvuke vizuri, nyingine inanata kwenye kuta za njia ya hewa, na oili nayo nzito, kwaiyo sensa ya joto la maji inaiambia kompyuta ongeza mafuta, ongeza hewa, injini izunguke haraka isizime na ipate moto mapema. Ila akasema ishuke yenyewe kadiri maji yanavyopata joto, ikikataa kushuka ndo uulize.

Basi tukasubiri. Dakika kumi, kumi na tano, bado 1,300. Akashika mpira wa juu wa rejeta akaniita na mi nishike. Ulikuwa vuguvugu, na akasema ulianza kuwa vuguvugu dakika ya pili tu. "Hapa panatakiwa pawe baridi kabisa, afu ghafla pawe pa moto." Pale pale nikakumbuka nilivyoenda Makambako, kilomita kama 60, mshale wa temperecha haukufika hata nusu na mi nikawa najisifia gari halichemshi!

Akafungua kile kikombe kinachoungana na mpira wa maji. Ndani tupu. Thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, ilishatolewa na fundi wa huko nyuma, wanasema kwetu ni joto na yenyewe inazuia maji, na Dar kweli usingejua, jua na foleni vinapasha injini vyenyewe. Njombe maji yalikuwa yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, hayapati joto la kutosha, sensa inaendelea kusoma baridi, na petroli inamwagwa asubuhi mpaka jioni. Nilivyokuwa naweka mafuta mwezi ule, nikawa nalaumu milima.

Tukaagiza mpya Mbeya, ya kufunguka nyuzi 82. Siku alipoifunga nikaamka mapema kuliko kawaida, nikawasha, 1,600, nikakaa ndani na blanketi natazama mshale. 1,400. 1,100. Mpira wa juu baridi kama jiwe, afu nikiwa nimeushika ukapata moto mara moja, nikarudi ndani mshale uko 750 na jirani kafungua dirisha ananisalimia.