Bakapu ikikatika katikati, anza na waya

Bakapu, yaani nakala ya akiba ya faili zako inayopelekwa kwa mtandao, ikikwama kwenye asilimia 60, wengi hukimbilia programu: wanaifuta, wanaiweka upya, wanatafuta nyingine. Mara nyingi ni kuionea bure. Barua pepe na kurasa za intaneti huutumia mtandao kwa kudokoadokoa, kwa hivyo waya ukizima sekunde mbili hakuna anayegundua. Bakapu huukamata mtandao kwa nguvu zote usiku kucha, na kasoro iliyojificha mchana hujitokeza hapo.

Kwanza jua ni kipande kipi kinachokatika. Bakapu ikiwa inaendelea, fungua madirisha mawili ya amri ya Windows (Command Prompt). Ping ni amri inayokiuliza kifaa kama kipo na kungoja jibu. Katika moja andika ping -t na anwani ya ruta, katika la pili ping -t na anwani ya seva (kompyuta unakopeleka faili), kisha uyaache. Ruta na seva zikinyamaza kwa pamoja, tafuta kati ya kompyuta yako na swichi (kisanduku kinachounganisha waya za mtandao). Ruta ikijibu na seva ikanyamaza, hamia upande wa seva: waya wake, tundu lake kwenye swichi, au yenyewe imewekewa kulala. Soma na maneno pia. “General failure” kwa kawaida huja kompyuta hiyohiyo inapopoteza mtandao. “Request timed out” maana yake swali lilitoka ila jibu halikurudi kwa wakati.

Hapa Mombasa mshukiwa wangu wa kwanza ni kichwa cha waya. Hewa ya chumvi na unyevu haviachi shaba salama, na vichwa vya RJ45 (plagi za waya wa mtandao) vya bei ya chini vimepakwa dhahabu kiduchu mno. Chomoa, mulika kwa tochi: meno yakiwa na weusi au ukijani, usihangaike kuyasugua, kata uweke kichwa kipya. Dalili nyingine ni kasi. Fungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, andika Get-NetAdapter, tazama safu ya LinkSpeed. Kasi ya 1 Gbps inahitaji nyuzi zote nane. Uzi mmoja ukilegea, kadi nyingi za mtandao hushuka hadi 100 Mbps, ambayo hutumia nne tu, au hupanda na kushuka, na kila badiliko hukata muunganisho.

Unapokaza kichwa kipya, fuata mpango wa rangi uitwao T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifungue msokoto zaidi ya milimita 13. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu; ukionyesha weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Huvunjika upesi na hupoteza mawimbi kwenye masafa marefu. Waya kama huo sipendekezi hata kwa bure.

Waya ukiwa mzima, nenda kwenye kadi. Kwenye menyu ya Start andika devmgmt.msc, fungua kadi ya mtandao, ingia Power Management, uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kwenye Advanced zima Energy Efficient Ethernet, nayo ni hali ya kuokoa umeme. Halafu hakikisha kompyuta yenyewe hailali saa za bakapu. Hili ni dogo lakini huwapita hata mafundi.

Kuna ugonjwa mmoja unaodanganya: ping zote zinajibu vizuri, bakapu imeganda. Ping ya kawaida katika Windows hubeba baiti 32 tu, kwa hivyo haigundui kizuizi cha pakiti (vifurushi vya data) kubwa. Jaribu ping -f -l 1472 na anwani ya seva (baiti 1472 na 28 za utangulizi wa pakiti ni 1500). Ikikataa, njiani kuna mahali pasipopitisha pakiti kamili ya 1500. Ikipita na bakapu bado imeganda, huenda kompyuta na seva ziliwekewa pakiti za 9000 huku swichi haizikubali. Rudisha 1500 kote.

Kwa wanaotumia waifai Mji wa Kale: kuta nene za matumbawe humeza mawimbi ya 5 GHz. Bakapu ya kwanza ipitishe kwenye waya, zile ndogo za kila siku ndizo ziende kwa waifai. Na kwa wanaopeleka faili kwenye wingu, piga hesabu kabla ya kulaumu. GB 200 kwa kasi ya kupakia ya 10 Mbps ni karibu saa 44 bila kupumzika. Katika muda huo mtandao lazima utayumba, kwa hivyo chagua programu inayoendelea ilipoachia.

Ndani ya ofisi, robocopy, amri ya kunakili faili iliyomo ndani ya Windows, hufanya hivyo:

robocopy D:\Kazi \\seva\bakapu /E /Z /R:5 /W:30 /LOG:C:\bakapu.txt

/Z huendeleza faili iliyokatika. Usiache kuweka /R (mara za kurudia) na /W (sekunde za kungoja), kwani bila hizo hurudia mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara, na utaikuta asubuhi imenasa kwenye faili moja. /MIR usiiweke kwa mazoea. Hufuta upande wa pili kila kisichopo upande wa kwanza.

Mwisho, stima. Wengi huweka UPS (betri ya akiba ya stima) kwenye kompyuta na kuisahau swichi. Stima ikipepesa, kompyuta haitikisiki, swichi inajiwasha upya, bakapu inakufa. Ruta na swichi ndogo zitoshee kwenye UPS hiyohiyo, au nunua ile ndogo ya ruta, lakini soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye adapta: kuna za 9 na za 12, na plagi zinaweza kuingia zote.