Mkebe wa Sarafu za Ayalandi na Jinsi Nilivyojifunza Thamani Yake

Mkebe ulikuwa wa biskuti, umeliwa na kutu kwenye kingo, na ulikaa juu ya kabati la jikoni tangu siku niliyopanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mzee mjini Cork, kusini mwa Ayalandi. Nilikuwa nimetoka Mombasa miaka miwili kabla, kwa kazi ya uuguzi, na habari za sarafu sikuzijua kabisa zaidi ya zile nilizolipia nauli ya basi. Mwaka 2014 mama yule alipoamua kuhamia kwa binti yake, alinikabidhi mkebe na kuniambia kwamba humo mna pesa za zamani zisizonunua kitu, na kwamba nikitaka nichukue, nisipotaka nitupe. Usiku ule, baada ya zamu, niliumwaga juu ya meza. Sarafu ya kwanza niliyoishika ilikuwa pana, ya rangi ya kahawia iliyokolea, na juu yake amechorwa kuku aliyesimama pamoja na vifaranga wake. Nilipoigeuza nikakuta kinubi.

Nyumbani kwetu babu alikuwa ameweka shilingi chache za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni, zenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili, na kwa sababu hiyo nilikuwa na dhana kwamba pesa ni lazima iwe na sura ya mwenye mamlaka. Hapa kulikuwa na kuku, na chini yake nguruwe na watoto wake kwenye nusu peni, sungura kwenye peni tatu, mbwa mkubwa wa kuwindia kwenye peni sita, fahali kwenye shilingi, samaki aina ya samoni kwenye shilingi mbili, na farasi kwenye ile kubwa kuliko zote, ya shilingi mbili na nusu. Nililala saa tisa ya usiku.

Kosa langu la kwanza nalieleza wazi kwa sababu naliona likirudiwa na karibu kila anayeanza. Asubuhi yake nilichukua siki na chumvi, nikazisugua peni ishirini na tatu kwa kitambaa mpaka zikang'aa kama sufuria mpya ya shaba. Nilijivunia kazi ile kwa wiki nzima, hadi nilipozipeleka kwa muuza sarafu mmoja. Alizitazama, akazisogeza zote upande mmoja wa meza kwa kiganja, kisha akaomba kuona zile ambazo sikuzigusa. Alinieleza kwa upole kwamba ile rangi ya kahawia niliyoiondoa ni ngozi ya sarafu, imejengeka kwa miaka mingi juu ya shaba, na kwamba ikishavuliwa hairudi. Mkusanyaji mzoefu huona mikwaruzo ya kitambaa chini ya lenzi mara moja, na humpunguzia mwenye mali sehemu kubwa ya bei, au hainunui kabisa. Katika zile ishirini na tatu mlikuwa na moja ya mwaka 1940. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka huo zilipigwa peni 312,000 tu, wakati mwaka 1928 zilipigwa milioni 9. Ile ya 1940 bado ninayo, inang'aa rangi ya waridi isiyo ya asili, na siwezi kuiuza kwa moyo mweupe.

Tangu hapo sisafishi sarafu yoyote. Naishika kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa laini ili hata ikiponyoka isigonge meza, na naihifadhi katika vifuko visivyotengenezwa kwa plastiki laini ile inayonuka, maana plastiki hiyo baada ya muda hutoa utelezi wa kijani unaokula metali.

Nilipopata likizo nilisafiri hadi Dublin, nikaenda Collins Barracks, kambi ya zamani ya jeshi ambayo sasa ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, na ambako historia ya pesa za nchi hiyo imepangwa kuanzia peni za fedha alizopiga Sihtric, mfalme wa Waviking wa Dublin, mwishoni mwa karne ya 10. Pale ndipo mkebe wangu ulipoanza kupangika kichwani. Sarafu za wanyama zilitolewa mwaka 1928, miaka michache baada ya Dola Huru ya Ayalandi kuundwa, na michoro yake ilichaguliwa na kamati iliyoongozwa na mshairi W. B. Yeats, ambaye wakati huo alikuwa pia seneta. Iliamuliwa kwamba kusiwe na kichwa cha mfalme ingawa nchi ilikuwa bado chini ya taji la Uingereza. Upande mmoja kiwe kinubi, upande wa pili viumbe vya shambani, mtoni na mawindoni ambavyo vilikuwa riziki na fahari ya watu wake. Wachongaji wa mataifa mbalimbali walialikwa, na aliyeshinda sarafu zote nane ni Mwingereza, Percy Metcalfe. Jina lile nilikutana nalo tena baada ya miezi kadhaa, nikakaa kimya kwa muda: kichwa cha Mfalme George wa Sita chenye taji kwenye shilingi zile za babu, zilizotoka kuanzia mwaka 1937, kilichongwa na mkono huohuo. Shilingi moja ya babu na shilingi moja ya fahali ninazo leo katika ukurasa mmoja wa albamu.

Jambo la kwanza la kusoma kwenye sarafu hizi ni jina la nchi. Zilizopigwa kuanzia 1928 hadi 1937 zimeandikwa Saorstát Éireann, yaani Dola Huru ya Ayalandi. Baada ya katiba mpya ya 1937, sarafu zilizoanza kutoka mwaka 1939 zimeandikwa Éire tu, na kinubi nacho kilichorwa upya kidogo. Kwa hiyo hata mwaka ukiwa umefutika kwa kutumika, jina hukuonyesha kipindi.

La pili ni metali, na hapa nilihangaika. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba sarafu inayonaswa na sumaku ni ya bandia, nami nikapitisha sumaku juu ya meza nzima. Peni sita nne zenye mbwa zikarukia sumaku, na peni tatu mbili za sungura zikafuata. Nilizitenga kwa huzuni, nikidhani mumewe mama yule alidanganywa zamani. Kumbe peni tatu na peni sita za kuanzia 1928 hadi 1940 zilitengenezwa kwa nikeli tupu, na nikeli hunaswa na sumaku. Ni kuanzia 1942 ndipo zilipobadilishwa kuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao haunaswi. Zile nilizozishuku ndizo zilizokuwa za kale zaidi na halisi.

Kujua kama sarafu ina metali ya fedha ni suala la mwaka zaidi ya la macho. Shilingi, shilingi mbili, na shilingi mbili na nusu za kuanzia 1928 hadi miaka ya mwanzo ya 1940 zina fedha asilimia 75, wakati za Uingereza za miaka hiyo zilikuwa zimeshushwa hadi asilimia 50. Zilizotoka kuanzia 1951 hazina fedha hata chembe, ila zina umbo, upana na uzito uleule, ndiyo maana watu huzichanganya. Mimi sasa husoma mwaka kwanza, kisha huipima sarafu kwa mizani ndogo ya dijitali: ya samoni iwe gramu 11.31, ya farasi gramu 14.14, ya fahali gramu 5.66. Ukizidisha kwa asilimia 75 unapata kwamba samoni ya fedha ina takriban gramu 8.5 za fedha halisi, na hiyo ndiyo sakafu ya bei yake. Hata ikiwa imechakaa kabisa, haiwezi kuwa chini ya bei ya fedha sokoni siku hiyo. Nilipata kumi na moja za namna hiyo ndani ya mkebe ambao nilikuwa na ruhusa ya kuutupa.

Juu ya sakafu hiyo ndipo huanza thamani ya mkusanyaji, nayo haifuati umri kama wengi wanavyodhani. Hufuata idadi iliyobaki, hali ya sarafu, na idadi ya watu wanaoitafuta. Peni ya mwaka 1928 ina umri mkubwa kuliko ya 1940 lakini ni ya kawaida. Sarafu ya farasi ya mwaka 1937 zilipigwa 40,000 tu, na anayeipata katika hali nzuri ana kitu cha kujivunia. Zaidi ya hizo ni samoni na farasi za 1943: zilipigwa wakati wa vita, bei ya fedha ikiwa juu, na karibu zote ziliyeyushwa kabla ya kufika mikononi mwa watu. Zilizoponyoka ni chache mno, na kwa sababu hiyo hughushiwa. Mtu mmoja katika soko la Jumapili aliwahi kunionyesha samoni ya 1943 na kuniambia anahitaji pesa haraka. Niliomba ruhusa ya kuipima. Ilikuwa chini ya gramu 10, na ile tarakimu ya 3 ilikuwa imevimba kuliko wenzake watatu. Nilimrudishia, nikaondoka.

Kuhusu hali, nilijizoeza kwa sarafu ya kuku. Naiweka chini ya taa ya pembeni na kutazama manyoya ya kifua cha kuku, kisha nyuzi za kinubi. Sehemu zilizoinuka ndizo zinazolika kwanza mfukoni. Kama manyoya yameungana yakawa kama ubao, sarafu imetumika sana, na peni ya kawaida ya hali hiyo haizidi bei ya peremende. Kama kila unyoya unasimama peke yake na bado kuna mng'ao wa asili unaozunguka unapoigeuza kwenye mwanga, basi hata ya mwaka wa kawaida hupanda bei mara nyingi. Ilinichukua kama mwaka mmoja wa kulinganisha mamia ya peni kabla ya jicho langu kukubaliana na la muuza sarafu yule.

Chini kabisa ya mkebe, ndani ya bahasha, mlikuwa na sarafu moja nzito ya shilingi kumi ya mwaka 1966, yenye sura ya Pádraig Pearse upande mmoja na sanamu ya Cú Chulainn, shujaa wa hadithi za kale, anayekufa upande wa pili, na maandishi ya Kiayalandi ukingoni ya kukumbuka mapinduzi ya Pasaka ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, ambayo Pearse alikuwa mmoja wa viongozi wake. Ni fedha ya asilimia 83.3. Zilipigwa milioni 2, lakini watu hawakuipenda kwa matumizi ya kila siku, na takriban 1,270,000 zilirudishwa zikayeyushwa. Nilipokwisha kuelewa mkebe ulikuwa na nini, sikuona haki kunyamaza. Nilikwenda kwa binti wa mama yule na karatasi niliyoandika kila sarafu, uzito wake na makadirio ya bei. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua ile ya shilingi kumi peke yake, kwa sababu mumewe aliipokea ndani ya mshahara wake mwaka uleule na hakutaka kamwe kuitumia. Nyingine zote alinisukumia tena, safari hii akijua anachonipa.

Kwa pesa nilizopata baada ya kuuza peni za kawaida zilizojirudia, niliongeza akiba kidogo nikanunua sarafu ambayo hadi leo ndiyo naipenda kuliko zote: shilingi ya shaba nyeupe iliyokoza umanjano, ya Mfalme James wa Pili, kutoka vita vya 1689 na 1690. James alikuwa hana fedha ya kuwalipa askari wake Ayalandi, akaamuru mizinga mibovu, kengele na vyombo vya jikoni viyeyushwe vipigwe sarafu, na kila moja ikaandikwa mwezi pamoja na mwaka, ili baada ya ushindi zikombolewe kwa zamu. Ushindi haukuja, alishindwa katika vita vya Mto Boyne, na aliyemshinda, Mfalme William wa Tatu, akazishusha hadi thamani ya shaba yake tu.

Kuzisoma ni kazi. Mwaka mpya wakati huo ulianza tarehe 25 Machi, hivyo kuna sarafu za Machi 1689 na za Machi 1690 ambazo zilipigwa ndani ya mwezi mmoja. Yangu imeandikwa 8BER, na muuzaji wa mwanzo aliyeimiliki alikuwa ameiwekea kibandiko cha Agosti. Mimi nilisita, kwa sababu kwetu pwani tunahesabu mfunguo mosi, mfunguo pili na kuendelea kuanzia mwisho wa Ramadhani, na tunajua kwamba mfunguo tatu si mwezi wa tatu wa mwaka. Warumi nao waliwahi kuanza mwaka wao Machi, na mwezi wao wa nane ni Oktoba. Nilikibandua kibandiko, nikaandika kingine kwa kalamu ya risasi: Oktoba 1689.