Inaruka ama Inanyamaza?

Mwaka 2019 kazi yangu ilikuwa kusambaza meno. Sifanyi mzaha. Nilikuwa nimeajiriwa na karakana ndogo ya meno ya bandia pale Ngara, Nairobi, chumba kimoja cha ghorofani kilichonuka plasta na nta, na kila asubuhi nilikabidhiwa visanduku vya plastiki vyenye majina ya wagonjwa. Seti nzima ya juu, Buruburu. Meno matatu ya mbele, Eastleigh. Vyote viliingia kwenye mkoba wa mgongoni, nami nikapanda pikipiki niliyouziwa na mjomba kwa mkopo wa mdomo: mwisho wa mwezi anapiga simu kunijulia hali, nami naelewa kwamba hali anayouliza ni ya M-Pesa.

Ilikuwa pikipiki ya Kijapani, cc 250, mtumba, ndefu kuliko boda za kawaida. Mjomba alipenda kusema hiyo si ya kubebea viazi. Alichosahau kuniambia ni kwamba mafundi wengi wa mjini mikono yao imezoea boda ndogo za Kihindi na za Kichina, na ukiwapelekea mgonjwa wa kabila lingine wanamtibu kwa dawa zile zile.

Mvua za vuli mwaka ule zilinyesha kama zimetumwa. Mwezi Novemba matope yalikuwa kila mahali, na pikipiki yangu ikawa na rangi mbili, nyekundu juu na kahawia kuanzia magoti kwenda chini. Jumatano jioni nikaipeleka ioshwe kando ya mto, kwa pampu ile inayorusha maji kwa nguvu hadi yanauma ukiweka mkono. Ikang'aa. Nikalala nimeridhika.

Alhamisi asubuhi nikabeba meno yangu, nikabonyeza stata, injini ikawaka bila ubishi. Taa ya kijani ya nyutro iko pale. Nikakamua klachi, nikakanyaga gia ya kwanza, ikazima. Nikarudisha nyutro, nikawasha, ikawaka vizuri kabisa. Gia ya kwanza, ikazima. Mara ya tatu nilidhani ni mimi naachilia klachi vibaya kama mwanafunzi. Mara ya tano askari wa mlangoni akasogea na kikombe chake cha chai.

"Leo umesahau kuendesha?"

Sikumjibu. Nikaanza kusukuma.

Bahati ni kwamba kutoka Ngara hadi mzunguko wa Globe ni mteremko, na ukishavuka mto uko Kirinyaga Road, mahali ambapo Nairobi nzima hupaita Grogan. Huko hupotezi muda kutafuta fundi. Fundi ndiye anayekutafuta. Hujamaliza kupanda ukingo wa barabara, vijana watatu wameshashika usukani, mmoja anauliza shida, wa pili anajibu kabla yako, wa tatu anatandika gunia chini.

"Inazima ukiweka gia? Hiyo ni klachi imeshika, bro. Hakuna kitu kingine."

Nisiwaonee. Dhana yao ilikuwa na akili. Injini ikiwa nyutro inazunguka bure, haina mzigo. Ukikamua klachi, zile pleti zinatakiwa kuachana, ili uweze kuingiza gia bila gurudumu kujua. Zikikataa kuachana, iwe kebo imelegea, au pleti zimepinda, au oili ni nzito mno, basi ukiweka gia injini inajikuta ghafla inasukuma pikipiki nzima na mtu juu yake kwa mngurumo mdogo, na inakufa. Hilo hutokea kila siku. Kwa hiyo wakakaza kebo. Ikazima. Wakailegeza, wakaikaza tena kwa namna nyingine. Ikazima vile vile.

Basi wakamwaga oili, wakafungua mfuniko wa upande wa kulia, na nikaona klachi yangu kwa mara ya kwanza: sahani zimepangwa kama chapati za hotelini, moja ya chuma, moja yenye vipande vya kahawia, zote zimelowa oili. Kijana mkubwa akatoa moja, akaitazama dhidi ya mwanga, akatingisha kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Nami nikatingisha changu. Sikuwa na habari nilichokuwa nakitazama.

Pleti mpya shilingi 2,400. Gasketi 350. Oili 700. Ufundi 1,000. Jumla 4,450, na hizo zilikuwa pesa za mjomba za mwezi ule. Ikafika saa saba mchana ndipo wakafunga boliti ya mwisho. Nikakaa juu, nikawasha, nikakamua klachi iliyokuwa laini kama siagi, nikakanyaga gia.

Ikazima.

Kijana akasema sasa itakuwa kabureta.

Simu ikalia. Ilikuwa kliniki ya Buruburu. Yule mama wa seti ya juu amekaa pale tangu saa tano, Jumamosi ana ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yake, na amesema haondoki bila meno. Nikasema niko njiani. Kwa Nairobi hilo si uongo, ni salamu tu.

Wakati kabureta inafunguliwa nikamwona mzee aliyekaa hatua kumi kutoka kwetu, juu ya kreti iliyopinduliwa, mbele yake stata ya gari imekatwa vipande. Fundi wa waya. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja tu, ule mwingine ni kipande cha waya mwekundu. Alikuwa ametukabili tangu asubuhi, na sasa alipoona namtazama akaweka bisibisi chini.

"Kijana, ikizima inaruka ama inanyamaza?"

"Sijakuelewa, mzee."

"Ukiweka gia. Inajivuta mbele kidogo halafu inakufa, ama inanyamaza tu, kama redio umezima?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa nimeizima pikipiki ile mara thelathini tangu asubuhi na sikujua inazima vipi. Nilikuwa nasikiliza hasira yangu.

"Warudishie kabureta yao," akasema. "Halafu njoo hapa penye usawa."

Akaniambia nikae juu, nisishike breki, miguu yote miwili chini, na nikitaka nifunge macho. Nikafunga. Nikawasha, nikakamua klachi, nikakanyaga. Safari hii nilisikiliza kwa makalio. Pikipiki haikutikisika hata unywele. Hapakuwa na kujivuta wala kukohoa. Sauti ilikuwepo, kisha haikuwepo.

"Imenyamaza."

"Basi. Klachi ikishika, injini hufa ikipigana. Hii haijapigana na mtu. Hii imekatiwa moto." Akanyoosha kidole. "Iache hapo hapo kwenye gia. Kamua klachi, bonyeza stata."

Nikabonyeza. Hakuna. Hata ule mlio wa kujaribu haukusikika.

"Unaona? Stata nayo imekatazwa. Rudisha nyutro." Nikarudisha, nikabonyeza, ikawaka mara moja. Mzee akacheka kidogo, si kwa dharau, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani. "Hii pikipiki inaamini umeshusha stendi."

Nikainama nikaitazama stendi ya pembeni. Ilikuwa juu.

Akanieleza akiwa ameshachuchumaa upande wa kushoto. Pikipiki kama hii ina swichi kwenye stendi, ili mtu asiondoke na stendi ikining'inia. Moto wa plagi una njia mbili. Ukiwa nyutro unapita njia ya nyutro, na stendi haiulizwi chochote, ndiyo maana unaweza kuiacha inanguruma imeegeshwa. Ukiingiza gia, njia hiyo inafungwa, na inabaki moja tu, ya kupitia swichi ya stendi. Stendi ikiwa juu, swichi inaruhusu. Ikiwa chini, inakata. Na swichi ikiharibika, injini haiwezi kujua tofauti. Boda walizozoea vijana hawa nyingi hazina kitu hicho, ndiyo sababu hawakukiwazia.

"Jana uliifanya nini?"

"Niliiosha."

"Kwa pampu?"

Nikatazama pembeni. Hakusema neno.

Swichi yenyewe ni kidude cheusi kisichofika ukubwa wa kiberiti, kimefungwa pale stendi inapojikunja, na kwangu kilikuwa hakionekani, kimezibwa na tope lililokauka kama saruji. Waya zake zilipanda hadi chini ya tangi. Mzee akazifuata kwa kidole, akachomoa soketi, akakata kipande cha waya, akakikunja kama pini ya nywele na kukichomeka kwenye matundu mawili.

"Weka gia."

Nikaweka. Injini ikaendelea kunguruma. Nikaachilia klachi polepole, pikipiki ikasogea mita moja, na wale vijana wakapiga kelele kana kwamba ni wao.

"Mzee, si uiache hivyo tu," akasema yule mkubwa. "Funga na tepu aende zake."

Nakiri nilimuunga mkono. Meno yalikuwa yanasubiriwa. Mzee hakutugombeza. Aliniuliza tu napinda kushoto mara ngapi kwa siku. Kisha akalaza kiganja chake kama pikipiki kwenye kona, akachomoza kidole gumba chini yake, akakigusisha kwenye meza. Kiganja kikapinduka. Akatulia hivyo kidogo, akihakikisha nimeona, halafu akachukua spana namba 10.

Alisafisha swichi ile kwa petroli na mswaki wa zamani. Nilicheka peke yangu, na nilipomwambia mkobani mwangu mna nini, akacheka hadi miwani ikaanguka upande wa waya mwekundu. Tope lilitoka kama chai ya maziwa. Kitufe cha ndani, kile kinachosukumwa na stendi, kilikuwa kimezama na kuganda. Akakichokoa kwa ncha ya bisibisi, akadondosha petroli, akachokoa tena. Kikaruka nje. Tk. Akakibonyeza mara kumi hivi, kwa raha tu nadhani, akapaka grisi kidogo kuzunguka na kufunga kila kitu mahali pake. Kile kipande cha waya alichonacho mkononi akakitia mfukoni mwake, si mwangu.

Aliomba shilingi 200.

Nikarudi kwa vijana kujaribu bahati. Wakasema pleti nilizo nazo ni mpya, zitanifaa miaka. Walikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi. Zile za zamani, zisizokuwa na kosa, wakanifungia kwenye gazeti. Nilipoondoka mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya mzee akiuliza swichi hiyo hukaa upande gani.

Nilifika Buruburu karibu saa kumi, Jogoo Road ikiwa imejaa maji na matatu zikitembea kama mitumbwi. Mama alikuwa bado amekaa kwenye benchi la nje, mkoba magotini, leso mdomoni. Sikuzima kwa ufunguo. Nilikamua klachi, nikaacha gia ya kwanza mahali pake, nikashusha stendi kwa kisigino.

Ikanyamaza.

"Imezimika?" askari wa lango akauliza.

"Imezimika," nikamwambia, nikaingia na meno.