Jinsi nilivyomvalisha Viola kanzu ya kaka yake

Onyesho letu la kwanza la tamthilia ya Twelfth Night lilikwama dakika ya arobaini. Sebastian alitokea jukwaani, Bi Olivia akamshika mkono na kumwita mpenzi, na bwalo zima likaanza kunong'ona. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Kidato cha Kwanza, akauliza kwa sauti, "Si huyu aliyekuwa anamkataa? Kabadilika saa ngapi?" Hapo ndipo watu walipotakiwa kucheka mpaka machozi. Hakucheka mtu.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya bweni ya wasichana mkoani Tanga. Mwaka huo klabu yetu ya maigizo iliamua kucheza Twelfth Night ya Shakespeare kwa Kiswahili chetu wenyewe, tukitafsiri kipande kwa kipande jioni kabla ya prepo. Kwa asiyeifahamu: Viola na Sebastian ni pacha, msichana na mvulana. Meli yao inavunjika na kila mmoja anaamini mwenzake kazama. Viola anafika pwani ya Illyria, anavaa kiume, anajiita Cesario na kupata kazi kwa mtawala Orsino. Orsino anamtaka Bi Olivia, basi anamtuma Cesario awe mshenga wake. Olivia anampenda mshenga. Mshenga naye keshampenda aliyemtuma. Mambo yakiwa yamefika hapo, Sebastian, mzima wa afya, anaingia mjini, na Olivia anamdhani ndiye Cesario.

Kosa la onyesho lile lilikuwa kalamu yangu. Tulipewa dakika 75 tu, nikaanza kukata. Nilimkata Antonio, baharia aliyemwokoa Sebastian, kwa kuwa nilimwona wa pembeni. Kumbe kwa kumkata yeye nilikuwa nimekata onyesho fupi la mwanzoni mwa sehemu ya pili, ambamo Sebastian anatokea akiwa hai na kumlilia dada yake. Shakespeare hakuliweka pale kwa bahati. Hata kabla ya hapo, nahodha anamwambia Viola kwamba alimwona kaka yake akijifunga kwenye mlingoti unaoelea. Kwa hiyo mtazamaji anadokezwa kwanza, kisha anaonyeshwa kwa macho yake. Kuanzia hapo yeye anajua asichokijua mtu yeyote pale jukwaani, na ujuzi huo ndio unaomchekesha. Mimi nilikuwa nimewanyima wanafunzi siri, halafu nikategemea waifurahie.

Antonio nikamrudisha. Nikamrudishia na mfuko wake wa fedha, maana ule mfuko unafanya kazi kubwa. Anamkabidhi Sebastian, baadaye anakamatwa na askari wa Orsino, anamwona Cesario na kumwomba fedha zake. Cesario hajui chochote kuhusu fedha hizo. Antonio anaumia kwelikweli, anamwita asiye na shukrani, na katika hasira yake anataja jina la Sebastian. Viola analisikia. Tumaini lake linafufuka, na limekuja kupitia matusi. Nafasi ya kuwarudisha niliipata kwa kupunguza nyimbo na porojo za walevi.

Tatizo la pili lilikuwa maleba. Wasichana wangu wawili hawafanani hata kidogo: mmoja mrefu, mweusi, ana sauti nzito, mwingine mfupi, maji ya kunde, anaongea haraka. Mwanzoni nilimpa Viola kizibao cha bluu na Sebastian chekundu, ili watu wasichanganye. Matokeo yake Olivia alionekana kipofu. Mtazamaji atakubali nyuso mbili tofauti ziitwe moja, mradi umwombe akubali mara moja tu. Lakini ukimwekea rangi mbili unamkumbusha kila dakika kwamba hawafanani.

Jibu lilikuwemo ndani ya maandishi yenyewe. Viola anasema kwamba mavazi aliyovaa ni ya mtindo na rangi ya kaka yake, anamwiga yeye. Nililisoma jambo hilo nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, nikalirudia. Siku zote nilidhani amejigeuza kwa ajili ya usalama tu. Lakini huyu ni msichana aliyefiwa, na kila asubuhi anavaa nguo kama za marehemu. Akijitazama kwenye kioo anamwona kaka yake. Ndiyo maana watu wanawachanganya: amemfufua nduguye mwilini mwake.

Basi nikapeleka kwa fundi kitambaa kimoja. Kanzu mbili, vizibao viwili vyekundu, kofia mbili. Ya Viola nilimwambia fundi aishone kubwa kidogo, mikono imfunike viganja nusu, kama nguo ya kuazima. Kila akitaka kuongea na Orsino, msichana wangu alikuwa anaikunja mikono ile taratibu, mkunjo mmoja, wa pili. Sebastian kanzu ilimkaa sawasawa na mikono hakuigusa kabisa. Hiyo tu ndiyo tofauti niliyoacha, na hata watoto wa Kidato cha Kwanza waliishika bila kuambiwa.

Jioni moja niliwaeleza wanaklabu habari za mwandishi mwenyewe. Shakespeare alizaa pacha, Hamnet wa kiume na Judith wa kike, waliobatizwa tarehe 2 Februari 1585. Hamnet alifariki 1596, umri wake miaka 11. Judith akabaki. Na onyesho la mwanzo kabisa la Twelfth Night ambalo kumbukumbu yake imesalia lilifanyika tarehe 2 Februari 1602, katika ukumbi wa Middle Temple, London, ambao ni bwalo la chakula la wanasheria. Sisi pia tulikuwa tunachezea bwaloni, meza zimesogezwa ukutani. Msichana aliyecheza Viola alinyamaza muda mrefu. Kesho yake alipokunja mikono ya kanzu, alikuwa anaikunja kwa namna nyingine.

John Manningham, mwanafunzi wa sheria aliyehudhuria usiku ule wa 1602, aliandika katika shajara yake kwamba Olivia ni mjane. Si kweli; anamwomboleza kaka yake, na ameapa kujifunika uso miaka saba. Wasichana wangu walikosea vilevile, tena kwa sababu iliyo wazi: huku pwani mwanamke aliyejifunika na kujitenga kwa msiba yuko eda. "Eda ya kaka, madam? Miaka saba?" mmoja aliniuliza, wakati mjane mwenyewe hukaa miezi minne na siku kumi. Sikuufuta mshangao huo, nilimpa Orsino ausemee jukwaani.

Lakini kilichonifanya nikose usingizi ni lugha. Kiswahili hakina "yeye" ya kike na "yeye" ya kiume. "Anampenda" inatosha kwa wote, na kwa tamthilia ya kujigeuza hiyo ni neema: Viola anaweza kumweleza Orsino habari za mtu anayempenda bila kudanganya hata neno moja. Mtego uko kwingine. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Herufi chache tu, na siri nzima iko nje. Viola akiwa peke yake anasema anakwenda kumtongozea bwana wake mke, hali yeye mwenyewe ndiye anayetaka kuwa mkewe. Tuliandika: "Nampelekea posa, na mimi ndiye ninayetamani kuolewa naye." Tukakubaliana kwamba mbele ya watu Cesario asitamke kitenzi hicho kamwe, si kuoa wala kuolewa. Kila kinapomjia, anasita na kutafuta njia ya kuzunguka. Olivia anapombana, anajibu, "Moyo wangu hakuna mwanamke aliyewahi kuumiliki, wala hatatokea." Watazamaji wakaanza kukisubiri kile kisito. Siku ya onyesho la pili nilisikia vicheko vya chini kabla hajafungua mdomo.

Namna ya kuitana nayo ilitaka uamuzi. Orsino humwita Cesario kwa neno la kuitia mvulana. Rasimu yetu ilisema "kijana", lakini kijana anaweza kuwa wa kike. Tukaweka "bwana mdogo". Orsino anapoliuliza lile swali zito, kama dada aliyekuwa akimsimulia alikufa kwa mapenzi, anasema, "Sasa bwana mdogo, huyo dada yako alikufa kwa huba?" Naye anajibu: "Mabinti wote wa nyumba ya baba ni mimi, na kaka zao wote ni mimi." Hapo mikono ya kanzu ilikuwa imefunika vidole. Sikuwa nimemwelekeza afanye hivyo.

Bado kulikuwa na jambo moja. Katika tafsiri yetu ya kwanza nahodha alikuwa anamwita Viola kwa jina tangu pale ufukweni, ili watu wamjue. Nikarudi kwenye maandishi na kugundua kwamba jina hilo halitamkwi na mtu yeyote mpaka sehemu ya tano, ya mwisho. Kwa tamthilia nzima watu wanasikia Cesario tu. Nikalifuta kila lilipotokea.

Onyesho la pili tulilifanya Ijumaa jioni, na Kidato cha Tano walikuja wakajaa hadi madirishani. Pacha waliposimama uso kwa uso, vizibao vyekundu viwili, hakuna aliyenong'ona. Hawakimbiliani. Wanaulizana kama mashahidi: baba yako nani, kwenu wapi. "Baba yangu alikuwa na baka kwenye paji la uso." "Na wangu pia." "Alifariki siku Viola alipotimiza miaka kumi na mitatu." Viola anamzuia kaka yake asimkumbatie kwanza, nguo zake za kike ziko kwa nahodha, anataka kila kitu kithibitike. Wala hazivai tena, tamthilia inakwisha akiwa bado na kanzu.

Tulibadilisha mpangilio kidogo hapa. Sebastian wangu alisogea, akaushika mkono wa kanzu ile kubwa, akaukunjua taratibu mpaka ukafunika kiganja, ndipo akasema, "Karibu mara tatu, Viola uliyezama." Kule mstari wa mbele yule msichana wa Kidato cha Kwanza akalirudia jina kwa sauti ndogo, akimwambia mwenzake aliyekaa kando yake: "Anaitwa Viola."