Jinamizi: Akili Imeamka, Mwili Bado Umelala

Aliyewahi kukabwa na jinamizi hahitaji kuelezwa lilivyo. Anafumbua macho gizani, anaiona dari, anajua kabisa kwamba yuko kitandani mwake, lakini hawezi kuinua hata kidole; kifua kimelemewa, sauti haitoki, na mara nyingi anahisi kwamba chumbani yumo mtu mwingine. Nimewasikia watu wazima wakilisimulia jambo hili kwa kunong'ona, wakichelea kuonekana waongo au waliorukwa na akili. Ninaandika kwa ajili yao, kwa sababu wanachosimulia ni tukio la kweli la mwilini.

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kwamba usingizi una vipindi ambamo macho ya aliyelala hukimbia huku na huko chini ya kope, na kwamba anayeamshwa wakati huo aghalabu huwa na ndoto ya kusimulia. Kwa mtu mzima vipindi hivyo hurudi takriban kila dakika 90. Baadaye Michel Jouvet, huko Lyon nchini Ufaransa, alionyesha kwamba ni katika vipindi hivyo hivyo misuli ya mwili hulegea kabisa, isipokuwa ile ya macho na ile kuu ya kupumua. Amri hutoka kwenye shina la ubongo, na ikifika katika uti wa mgongo, seli zinazoendesha misuli hunyamazishwa. Jouvet alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo wa paka, paka hao waliinuka wakiwa usingizini, wakanyemelea na kurukia mawindo yasiyokuwapo. Hali inayofanana na hiyo ilielezwa kwa binadamu mwaka 1986 na Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota, ambao wagonjwa wao walipiga ngumi na mateke kitandani kwa kuzifuata ndoto zao. Kulegea huko, basi, ni ulinzi wa aliyelala na wa anayelala ubavuni pake.

Katika jinamizi ulinzi huo unachelewa kuondoka. Fahamu zimerudi, macho yanaona, lakini amri ya kulegea bado haijafutwa, na vipande vya ndoto vinaendelea kujichora juu ya chumba halisi. Hali hiyo hudumu sekunde kadhaa au dakika chache, kisha huisha yenyewe.

Kinachonivutia zaidi ni ule uzito kifuani. Wakati wa ndoto kazi ya kupumua huachiwa kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, huku misuli ya katikati ya mbavu ikiwa imelegea pamoja na mingine. Hewa inayoingia inamtosha aliyelala. Aliyezinduka kwa hofu, hata hivyo, anataka kuvuta pumzi ndefu. Anakiamuru kifua kipanuke, na kifua hakimtii. Ubongo huufasiri ukinzani huo kuwa ni mzigo uliowekwa juu yake, na kutoka mzigo hadi kiumbe aliyekalia kifua pana hatua moja tu.

Kuhusu yule mgeni chumbani, mwaka 2006 timu ya Olaf Blanke nchini Uswisi ilieleza kisa cha mwanamke mwenye kifafa ambaye, ubongo wake uliposisimuliwa kwa umeme upande wa kushoto, mahali sehemu yake ya pembeni inapokutana na sehemu ya juu, alihisi mtu kivuli karibu yake. Alipolala, kivuli kililala chini yake. Alipoketi akakumbatia magoti, nacho kiliketi kikamkumbatia. Sehemu hiyo hushiriki kuchora ramani ya mwili wetu, na ramani ikivurugika, mtu anaweza kujihisi kama mwingine aliye kando yake. Wapo watafiti wanaodhani kwamba jambo la namna hiyo hutokea katika jinamizi, nami naona hoja yao ina nguvu.

Sidhani kwamba jinamizi peke yake linatosha kueleza taharuki ya Popobawa, kiumbe aliyesemekana kuwavamia watu vitandani usiku, iliyoanzia Pemba mwaka 1995, kwani uvumi na hali ya siasa vilikuwa na nafasi yake. Hata hivyo, masimulizi ya kulemewa kitandani na kushindwa kupiga kelele yanafanana mno na yale ya Wajapani na ya wavuvi wa Newfoundland, kisiwa cha Kanada, watu ambao hawakuwahi kukaa baraza moja na Wapemba.

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya watu wamepatwa na hali hii angalau mara moja maishani, na miongoni mwa wanafunzi kiwango kilifika asilimia 28. Huwapata zaidi wenye usingizi pungufu, wanaobadilishiwa zamu za kazi, wenye msongo wa mawazo, na wanaolala chali. Kulala kwa saa za kawaida na kulala kwa ubavu huwasaidia wengi.

Jinamizi likiwa linajirudia, na mtu anasinzia mchana bila kuweza kujizuia, au magoti yanamlegea ghafla anapocheka, amwone daktari. Huenda ana nakolepsi, ugonjwa ambao mara nyingi hutokana na kufa kwa seli za haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, zinazotengeneza hipokretini, kemikali inayousaidia ubongo kubaki macho. Zipo dawa za kuutuliza ugonjwa huo, na mgonjwa hana sababu ya kuteseka miaka akidhani amerogwa.