Kivuli cha hatua kumi na tano

Jana asubuhi mwanangu alichukua simu yangu, akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Baba, hapa pameandikwa 7. Mbona wewe unasema saa moja?"

Nikamweleza kwamba sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Akaridhika, akaenda zake. Mimi ndiye niliyebaki nimekaa, kwa sababu jibu hilohilo liliwahi kuniponyoka nikiwa Helsinki, nchini Ufini, mwezi Desemba.

Mwaka ule wa masomo sitausimulia wote. Makoti, mitihani, upweke, yote yalipita. Ninachokikumbuka ni simu za mama. "Mwanangu, huko kumekucha?" Namwambia bado. "Saa tatu hii, bado giza?" Saa zetu zilipishana kwa saa moja tu, maana Helsinki haikuwa mbali nasi kwa upande wa mashariki na magharibi. Iko juu, nyuzi 60 kaskazini ya Ikweta. Nikimweleza hivyo alinyamaza, akidhani namficha ugonjwa.

Tarehe 21 anga ilitakata baada ya siku nyingi za mawingu. Jua lilichomoza saa tatu na dakika 24 asubuhi. Ilipofika saa sita na robo hivi, likiwa ndiyo limefika kileleni kwa siku ile, nilitoka na mpini wa fagio, nikauchomeka kwenye theluji nyuma ya bweni. Ulinifika kifuani. Kivuli chake kikalala juu ya weupe ule, chembamba, cha buluu, kikavuka njia, kikaipita baiskeli iliyofukiwa nusu, kikaenda tu. Nikakipima kwa miguu: hatua kumi na tano. Adhuhuri! Karibu na Ikweta, saa kama ile mtu hukikanyaga kivuli chake mwenyewe.

Nikavua glavu, nikalielekezea jua kiganja. Mwanga niliuona kwenye mistari ya mkono. Joto sikulisikia.

Tangu utoto niliamini kwamba wenye baridi wako mbali na jua. Kumbe dunia huwa karibu zaidi na jua mapema Januari, kilomita milioni 147 hivi, na Julai huwa milioni 152. Kinacholeta tofauti ni mhimili wa dunia, ulioinama nyuzi 23.4. Siku ile jua lilipanda nyuzi sita na kitu tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo mwanga ambao ungetosha mita moja ya mraba jua likiwa utosini ulitandazwa juu ya mita tisa. Na hata huo haukukaa. Saa tisa na dakika 13 jua lilizama. Mchana mzima haukutimia saa sita.

Nilimpigia mama mpini ukiwa bado mkononi. "Leo nimeliona jua." Akashusha pumzi. "Afadhali, mwanangu."

Juni ilipofika, jua likawa halizami mpaka karibu saa tano usiku, naye akaanza upya: "Sasa unalala saa ngapi?"

Jana jioni nilimsimulia mwanangu haya yote. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo huko saa moja ilikuwa inaanzia wapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, tangu ile saa tatu na dakika 24, nikaishia njiani.