Tofali kwa kadi: nilivyopata mtaji bila kukopa

Dodoma ilianza kukimbia baada ya 2016, serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia huku kweli. Nzuguni, Iyumbu, Nala, kila upande watu wakawa wanapimiwa viwanja. Mimi nikakodi eneo pembeni ya barabara ya vumbi, nikanunua mashine ya mkono ya kufyatulia tofali za saruji, nikaweka vijana. Soko halikuwa tatizo hata siku moja. Tatizo lilikuwa hela kulala chini. Tofali ikitoka kwenye mashine leo inataka kumwagiliwa siku 7 kabla haijabebwa, na muda wote huo saruji, mchanga, boza la maji na ujira wa vijana vimeshalipwa.

Benki walitaka hati, nami eneo ni la kukodi. Mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ilikuwa ya vikundi, na mimi niko peke yangu. Makandarasi wadogo nao wakaja: "Dada, tupe tofali elfu mbili, tukilipwa hatua ya kwanza tunakuletea chako." Hatua ya kwanza hulipwa ikijisikia. Kwa mwenye mtaji mdogo, mteja mkubwa asiyelipa ni hasara kuliko siku nzima bila mteja.

Nikawaangalia vizuri wale wa kawaida: mwalimu, mama lishe, kijana wa bodaboda. Hakuna anayejenga kwa pesa ya mara moja, wote wanadunduliza. Akipata 50,000 asipoigeuza kitu upesi, inaliwa na ada au msiba. Akinunua tofali chache na kuzirundika kiwanjani, zinaota miguu usiku, na nauli ya fuso anailipa kila safari. Nikaanza kuwaambia: leta kidogo kidogo, tofali zako zikae kwangu mpaka siku ya kujenga.

Hapo ndipo kadi ilipozaliwa. Ni karatasi ngumu tu, nakala mbili, yake na yangu. Ndani yake siandiki shilingi, naandika tofali. Bei ikiwa 1,300, mwenye 50,000 anaandikiwa tofali 38, na 600 anarudishiwa mkononi. Bei ikipanda kesho, zake 38 ni zake. Hilo ndilo lililowavuta watu, na ndilo lingeweza kuniua mimi, kwa hiyo nikajiwekea sharti: pesa ya kadi inanunua saruji wiki hiyohiyo, na saruji inafyatuliwa, haikai stoo kungoja bei. Saruji ikikaa inapoteza nguvu. Tofali ikikaa inazidi kukomaa.

Mtu anayelipia kitu ambacho atakichukua baada ya miezi lazima akiamini, ndiyo maana kwenye ubora sina utani. Mfuko wa kilo 50 kwangu unatoa tofali 32 za inchi 6. Wapo wanaotoa zaidi ya 45, ukiigusa kona inabaki kiganjani. Vijana siwalipi kwa idadi ya tofali, nawalipa kwa mfuko. Ukilipa kwa tofali umewaambia mwenyewe waongeze mchanga. Mchanga wa makorongo nao naupima kwenye chupa: nusu mchanga, maji juu yake, natikisa, naacha utulie. Tope likikaa juu kwa unene unaoonekana, tipa linarudi na mzigo wake. Mchanganyiko unageuzwa mkavu kwanza mpaka rangi iwe moja, kisha maji kidogo kidogo. Ukiukamata ngumini unashikana bila kuchuruzika. Kwa upepo wa Dodoma tofali mpya lazima ifunikwe turubai, la sivyo inakauka nje ndani bado. Kila safu ina tarehe ya chaki, na mwenye kadi anaruhusiwa kuja kuzitazama tofali zake wakati wowote. Wanakuja kweli, wengine na watoto, Jumapili wakitoka kanisani.

Mwishoni mwa 2020 saruji iliadimika na bei ikapaa, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie. Wenye kadi walichukua tofali zao kwa bei waliyolipia, kwa sababu zilikuwa zimeshafyatuliwa. Sikupata faida ya maana miezi ile, lakini sikuhitaji tena tangazo.

Ugomvi upo pia. Bwana mmoja alikuja na fuso: "Dada yangu, nimekuja kubeba tofali za mke wangu." Nikamwomba kadi. "Kwani mke wangu na mimi si kitu kimoja?" Nikamjibu, "Ni kweli kaka, basi kadi haitakuwa mbali." Aliondoka na fuso tupu. Mama mwenyewe alikuja mwezi uliofuata, akazipeleka kiwanja ambacho nadhani bwana hakukijua. Hayo si yangu.

Siku hizi wananiomba na nondo na mabati kwa kadi. Nimekataa. Tofali naifyatua mwenyewe, ipo, mteja anaigusa. Nondo ningekuwa nashika pesa ya watu huku mzigo uko kwa tajiri mwingine, na bei anaipanga yeye.